Kutoa Kabla ya Kuongeza: Usafishaji wa Maji na Uandaaji wa Maji ya Bahari kwa Matangi ya Samaki ya Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuandaa nyumbani maji ya kufugia samaki, matumbawe na viumbe wengine wa baharini. Hoja kuu ni kwamba kazi hii ina sehemu mbili zisizobadilishana nafasi: kwanza kutoa katika maji kila kisichojulikana, kisha kuongeza chumvi kwa kipimo kinachojulikana. Mfugaji anayeongeza kabla ya kutoa huwa amejenga juu ya msingi asioujua, na gharama yake hulipwa na kiumbe asiye na pa kukimbilia. Makala yanaeleza asili ya maji ya bahari, hatua za usafishaji, utaratibu wa kuchanganya chumvi, upimaji, na athari za mvukizo. Mifano mingi imetolewa katika mazingira ya Afrika Mashariki, hususani Dar es Salaam na Arusha.

Maneno ya msingi: maji matupu, osmosisi kinyume, ayoni, kiwango cha chumvi, mvukizo, tangi la samaki

1.0 Utangulizi

Kufuga viumbe wa baharini mbali na bahari si jambo jipya. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi ya samaki kwa ajili ya umma. Mwaka uliofuata, mwanaelimuviumbe Philip Henry Gosse alichapisha maelezo ya namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi zilizopatikana madukani, ili mkazi wa London asilazimike kusafirishiwa mapipa ya maji kutoka pwani. Tangu wakati huo swali limebaki lilelile: ni kitu gani hasa kinachoyafanya maji kuwa ya bahari, na je, kitu hicho kinaweza kutengenezwa nyumbani?

Katika Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee. Samaki wa mapambo huvuliwa na wapiga mbizi katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya na kusafirishwa hadi nchi za mbali. Wakati huohuo, matangi ya samaki yanaonekana katika hoteli, zahanati na sebule za miji yetu. Kila samaki aliye ndani ya tangi la maji chumvi, kwa sehemu kubwa, ametolewa mwambani. Akifa baada ya wiki mbili kwa sababu ya maji mabaya, anayemmiliki huenda dukani kumtafuta mwingine, na mwamba hupungukiwa tena. Kwa hiyo ubora wa maji si suala la pambo tu, bali pia ni la wajibu kwa kiumbe na kwa mwamba alikotoka.

Makala haya ni ya ufafanuzi. Hayalengi kumfundisha msomaji biashara ya samaki wala kumshawishi aanze kufuga. Yanalenga kumwonesha anayefuga, au anayefikiria kufuga, kwa nini kila hatua ipo mahali ilipo.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutofautisha dhana tatu ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa.

Dhana ya kwanza ni maji safi na salama. Usemi huu umezoeleka katika sera na matangazo ya huduma ya maji, na maana yake ni maji yasiyomdhuru binadamu anayeyanywa. Maji hayo huwa na madini yaliyoyeyuka, na mara nyingi huwa na klorini iliyotiwa makusudi ili kuua vijidudu. Vitu hivyo havimsumbui binadamu, kwa kuwa hayaishi ndani yake. Samaki huishi ndani ya maji saa zote, na maji hupita katika mashavu yake bila kukoma. Klorini inayomlinda mnywaji huunguza mashavu ya samaki.

Dhana ya pili ni maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi, kama ya mto, ziwa au mvua. Maji kuwa baridi kwa maana hii hakumaanishi kwamba hayana kitu. Maji ya mto na ya kisima hubeba alama ya udongo na miamba yalimopita.

Dhana ya tatu ni ile ambayo makala haya yanaiita maji matupu, yaani maji ambayo ndani yake hakuna kitu kingine kinachopimika isipokuwa maji yenyewe. Maji haya hayapatikani bombani, kisimani wala katika chupa za dukani, ambazo aghalabu huwa na madini. Sharti yatengenezwe. Haya ndiyo msingi wa maji ya bahari ya nyumbani.

3.0 Maji ya bahari ni nini?

3.1 Uwiano wa chumvi

Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina takribani gramu 35 za chumvi zilizoyeyuka. Kati ya chumvi hizo, kloraidi ni takribani asilimia 55 kwa uzito na sodiamu asilimia 31. Zinazobaki ni salfeti, karibu asilimia 8. Magnesiamu, karibu asilimia 4. Kalisiamu na potasiamu, takribani asilimia 1 kila moja. Pamoja na vitu vingine vingi kwa viwango vidogo.

Jambo la ajabu ni uthabiti wa uwiano huo. Meli ya utafiti ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876 ikikusanya sampuli. Mkemia William Dittmar alichunguza sampuli 77 kati ya hizo, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 1884 yalithibitisha kwamba kiasi cha chumvi kinaweza kutofautiana kati ya bahari na bahari, lakini uwiano wa chumvi kuu unabaki karibu uleule. Viumbe wa mwambani wamezoea uwiano huo kwa vizazi visivyohesabika. Matumbawe huchukua kalisiamu na kabonati katika maji ili kujenga mifupa yao. Magnesiamu husaidia kuzuia vitu hivyo viwili visigandamane kabla ya wakati. Ukiuvuruga uwiano, huwezi kuurekebisha kwa kuongeza chumvi tu.

3.2 Kwa nini chumvi ya jikoni haifai

Mtu anaweza kuuliza: chumvi ya jikoni si hutoka baharini? Kwa nini isirudishwe katika maji yakawa bahari tena? Jibu linapatikana katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Lindi au Pemba. Maji ya bahari yanapoanikwa juani, chumvi hazigandi zote kwa pamoja. Kwanza huganda kalisiamu kabonati, kisha kalisiamu salfeti, yaani jasi. Baadaye ndipo huganda sodiamu kloraidi, ambayo ndiyo chumvi tunayoivuna. Magnesiamu na potasiamu kwa sehemu kubwa hubaki katika maji machungu ya mwisho, ambayo mvunaji huyaondoa kwa sababu huharibu ladha ya chumvi.

Kwa maneno mengine, mvunaji hodari ni yule anayeitenga sodiamu kloraidi na vingine vyote. Kazi yake njema kwa mpishi ni hasara kwa mfugaji wa samaki. Aidha, chumvi ya jikoni huongezwa madini joto kwa ajili ya afya ya binadamu, na huweza kutiwa vitu vya kuizuia isishikane. Ukiiyeyusha, unapata maji yenye chumvi, lakini hupati maji ya bahari. Kwa sababu hii hutumika chumvi maalumu iliyochanganywa kiwandani ili kufuata uwiano wa bahari.

4.0 Kutoa: usafishaji wa maji

4.1 Maji ya kuanzia

Maji ya bomba jijini Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu. Husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kusambazwa. Kaya nyingi pia hutumia visima, na katika maeneo ya karibu na pwani maji ya visima mara nyingi huwa na chumvichumvi kwa sababu maji ya bahari hupenya ardhini. Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, tatizo linalojulikana ni floraidi inayotoka katika miamba ya volkano, ambayo imeacha rangi ya kahawia katika meno ya wakazi wengi.

Pamoja na hayo, maji ya kuanzia huweza kuwa na naitreti, fosfeti na silika, ambazo ni chakula cha mwani. Huweza pia kuwa na shaba kutoka katika mabomba na viungio. Kiasi kidogo cha shaba ambacho samaki huweza kukivumilia huua kamba, konokono na matumbawe.

Njia mbili za mkato huzungumzwa mara kwa mara. Ya kwanza ni kuchemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakutoi madini. Kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, madini yasiyoganda huongezeka ukolezi. Ya pili ni kukinga maji ya mvua. Mvua yenyewe ina madini machache sana, ila katika nyumba zetu hupita juu ya mabati yaliyopakwa zinki, vumbi na kinyesi cha ndege. Zinki, kama shaba, ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo.

4.2 Hatua nne za usafishaji

Mtambo wa kawaida wa nyumbani una hatua nne zinazofuatana. Mpangilio wake una sababu, kwa maana kila hatua huilinda inayofuata.

(a) Chujio la tope. Hili huzuia mchanga, kutu na chembe nyingine. Aghalabu lina matundu ya mikroni 5 au chini ya hapo. Wakati wa masika, maji yanapokuja na tope, chujio hili huziba haraka na hubadilika rangi. Ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote, na kulichelewesha kulibadilisha huharibu sehemu za bei ghali.

(b) Chujio la mkaa ulioamilishwa. Kazi yake kubwa ni kuondoa klorini. Utando wa hatua inayofuata umetengenezwa kwa poliamidi, ambayo huharibiwa na klorini. Mkaa ukichoka, klorini hupita kimyakimya na kuula utando bila dalili ya nje.

(c) Utando wa osmosisi kinyume. Hapa ndipo kazi kubwa hufanyika. Katika osmosisi ya kawaida, maji hupita kwenye utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Ukiweka mgandamizo mkubwa wa kutosha upande wenye chumvi, mwelekeo hugeuka: maji hupita na chumvi hubaki. Utando unaofaa kwa kazi hii uliendelezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Utando mzima huzuia takribani asilimia 95 hadi 98 ya vitu vilivyoyeyuka.

(d) Resini ya kubadilisha ayoni. Chembe za resini hushika ayoni chache zilizobaki na kuachia ayoni za haidrojeni na haidroksaidi, ambazo huungana na kuwa maji. Maji yanayotoka hapa ndiyo maji matupu.

Hesabu ndogo inaonesha umuhimu wa mpangilio huu. Tuchukue maji yenye miligramu 400 za yabisi zilizoyeyuka kwa lita. Utando unaozuia asilimia 95 huiachia resini miligramu 20 tu za kushika. Bila utando, resini ingelazimika kushika miligramu zote 400 na ingechoka mara 20 mapema zaidi. Kadhalika, kabonidayoksaidi iliyoyeyuka hupita kwenye utando kwa kuwa ni gesi, kisha huimaliza resini. Ikiwa resini inaisha upesi ilhali utando ni mzima, mtumiaji wa maji ya kisima aishuku gesi hiyo. Kuyaweka maji yaliyotoka kwenye utando katika ndoo yenye pampu ya hewa kwa saa kadhaa kabla ya kuyapitisha kwenye resini huipunguza.

4.3 Suala la mgandamizo

Mitambo ya nyumbani hufanya kazi vizuri katika mgandamizo wa takribani bari 3 hadi 4 au zaidi. Jambo hili ni la kuzingatia sana katika nyumba zetu, ambako maji mara nyingi hutoka katika simtangi. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hutoa bari 1 pekee. Simtangi lililo juu ya mnara wa mita 6 hutoa takribani bari 0.6. Katika hali hiyo utando utatoa maji machache, na tena yasiyo safi sana, hata kama ni mpya. Mtumiaji huulaumu utando, kumbe tatizo ni mgandamizo. Suluhisho ni pampu ndogo ya kuongeza mgandamizo inayofungwa kabla ya utando.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini mtambo huu hauwezi kusafisha maji ya bahari. Ili kushinda osmosisi ya maji ya bahari, mgandamizo unapaswa kuzidi takribani bari 27, ambao mabomba ya nyumbani hayawezi kuustahimili. Kwa kisima chenye chumvichumvi, mtambo hufanya kazi, ila kwa mavuno madogo.

4.4 Kupima maji matupu

Kifaa kidogo cha kupima yabisi zilizoyeyuka ni cha lazima. Kifaa hiki hupima namna maji yanavyopitisha umeme, na kutokana na hapo hukadiria kiasi cha ayoni. Vipimo vitatu vinahitajika: maji yanayoingia, maji yaliyotoka kwenye utando, na maji yaliyotoka kwenye resini. Kipimo cha mwisho kinapaswa kuwa 0. Kikianza kupanda, resini imekaribia mwisho na ibadilishwe mara moja, kwa sababu resini iliyochoka huweza kuachia silika na ayoni nyingine ilizozishika kwa udhaifu, zote kwa mkupuo.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, kifaa hiki hakimwambii mtumiaji kama klorini imeondoka. Kwa hilo kinahitajika kipimo cha klorini, na maji yapimwe baada ya chujio la mkaa. Pili, maji ya dakika za mwanzo baada ya mtambo kupumzika huwa na yabisi nyingi kuliko kawaida, kwa sababu ayoni huendelea kupenya taratibu utandoni wakati mtambo umezimwa. Maji hayo yamwagwe kabla hayajaifikia resini.

4.5 Maji yanayobaki

Utando hauwezi kupitisha maji yote. Sehemu fulani lazima isombe chumvi zilizozuiwa, la sivyo utando utaziba. Kwa kawaida, kila lita 1 ya maji matupu huacha lita 3 hadi 4 zinazotoka kwa mrija wa pili. Kwa lita 100 za maji matupu, hiyo ni zaidi ya lita 300.

Katika mji ambao majirani hupanga ndoo na madumu kusubiri zamu ya maji, kuyaacha maji hayo yaishie kwenye mtaro ni jambo lisilokubalika. Wala hakuna sababu ya kufanya hivyo. Ikiwa maji yanayoingia yana miligramu 400 kwa lita, yanayobaki kwa uwiano wa 1 kwa 3 yatakuwa na takribani miligramu 530. Hayo ni maji ya bomba yaliyokolea kidogo. Yanafaa kufulia, kudekia, kuoshea vyombo na kusukumia chooni. Palipo na kisima cha chumvichumvi, yasitumike kumwagilia bustani. Mrija wa maji haya uelekezwe kwenye pipa tangu siku ya kwanza mtambo unapofungwa.

5.0 Kuongeza: uchanganyaji wa chumvi

5.1 Vyombo

Pipa au simtangi dogo la plastiki linalofaa kwa chakula linatosha. Chombo kilichowahi kubeba rangi, dawa ya mimea au sabuni kisitumike hata kikioshwa mara saba. Pampu ya kuzungusha maji isiwe na sehemu ya chuma au shaba inayogusa maji. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone la maji chumvi litakalofuata waya lidondoke sakafuni na lisifike kwenye umeme. Kwa wakazi wa Arusha, hita inahitajika ili kufikisha nyuzi 25 za Selsiasi. Dar es Salaam tatizo huwa ni la upande wa pili: maji huweza kuwa ya moto mno ikiwa pipa lipo juani.

5.2 Utaratibu

Kwanza pipa hujazwa maji matupu na pampu huwashwa. Chumvi huongezwa kidogo kidogo juu ya maji yanayozunguka. Kamwe chumvi isitangulie chombo kikiwa kitupu, maji yakaja kumiminwa juu yake. Sababu ni ya kikemia: maji ya kwanza kuigusa chumvi yatakuwa na ukolezi mkubwa kupita kiasi, na humo kalisiamu na kabonati hukutana na kuganda. Mashapo meupe yatakayotokea hayayeyuki tena kwa urahisi, na maji yatapungukiwa kitu kilekile ambacho matumbawe yanakihitaji.

Kiasi hutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Kwa kukadiria, lita 100 huhitaji kati ya kilo 3.5 na kilo 4 za chumvi ya tangi. Kiasi hicho huzidi gramu 35 kwa lita kwa sababu baadhi ya chumvi, hasa za magnesiamu na kalisiamu, hubeba maji ndani ya fuwele zake. Chumvi iliyoachwa wazi katika hewa ya pwani hunyonya unyevu zaidi na uzito wake hudanganya. Kwa hiyo ihifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko unaobana.

Maji huachwa yazunguke mpaka yawe angavu, na kwa muda ambao mtengenezaji ameuelekeza. Kuzunguka huko kunayapa pia hewa na kutuliza kipimo cha asidi na besi, ambacho kwa maji ya bahari ni karibu 8.1. Maji mapya yasimiminwe katika tangi lenye viumbe dakika chache baada ya chumvi kuyeyuka.

5.3 Upimaji na urekebishaji

Kiwango cha chumvi hupimwa kwa refraktomita au haidromita. Kwa nyuzi 25, maji yenye gramu 35 kwa kilo yana uzito wa kulinganisha wa takribani 1.026. Haidromita ya mshale ni rahisi, ila mapovu yanayong'ang'ania mshale huuinua na kutoa kipimo cha juu kuliko ukweli. Refraktomita ni bora, kwa sharti kwamba isahihishwe kwa mmumunyo maalumu wenye kiwango cha 35. Kuisahihisha kwa maji matupu pekee hakuhakikishi usahihi wake huko juu inakotumika.

Urekebishaji ni hesabu nyepesi. Maji lita 100 yakipima 33 badala ya 35, yamepungukiwa gramu 2 kwa lita, yaani takribani gramu 200 za chumvi. Yakipima 38, huongezwa maji matupu: 100 mara 38, gawanya kwa 35, ni takribani lita 108.6, kwa hiyo zinahitajika lita 8.6. Baada ya kila marekebisho maji yazunguke ndipo yapimwe tena. Kabla ya kuyaingiza tangini, kiwango cha chumvi na joto vya maji mapya vilinganishwe na vya maji ya tangi, si na vya kitabu. Samaki huumizwa na badiliko la ghafla hata pale linapompeleka katika hali bora.

6.0 Mvukizo

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali ndiyo inayodhihirisha hoja ya makala haya. Maji ya tangi yanapovukizwa, yanayoondoka ni maji peke yake. Chumvi hubaki. Kwa hiyo kinachopaswa kurudishwa ni maji peke yake.

Tuchukue tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku. Mfugaji akijazia kwa maji ya bahari, ataongeza gramu 105 za chumvi kila siku. Kwa siku 30 ni gramu 3,150, na kiwango cha chumvi kitatoka 35 hadi karibu 51. Viumbe watakuwa wamekufa kabla ya mwezi kwisha.

Akijazia kwa maji ya bomba yenye miligramu 400 kwa lita, madhara hayaonekani upesi. Lakini lita 3 kwa siku ni lita 1,095 kwa mwaka, na ndani yake kuna gramu 438 za yabisi zisizo na pa kwenda. Haba na haba hujaza kibaba. Miongoni mwa gramu hizo zimo naitreti, fosfeti na silika za kulisha mwani, na huenda ikawemo shaba. Mwani ukitanda, mfugaji hulaumu taa, chakula au samaki wenyewe, na sababu halisi inaendelea kuingia kila asubuhi kwa kikombe.

Akijazia kwa maji matupu, tangi hurudi lilipokuwa jana. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuanza na sifuri.

7.0 Je, anayeishi pwani atumie maji ya bahari yenyewe?

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, kununua chumvi ya tangi iliyotoka ng'ambo huonekana kama kubeba mchanga kupeleka ufukweni. Maji ya asili yana uwiano ambao viwanda hujaribu kuuiga, na hayana bei. Hata hivyo, uwiano huo ni wa bahari kuu. Karibu na mji, bahari hupokea mito na mitaro. Mahali kama mdomo wa mto Msimbazi hupokea uchafu wa jiji, na wakati wa masika maji ya mto hupunguza kiwango cha chumvi cha maji ya ufukweni.

Anayechagua njia hii achote mbali na midomo ya mito, bandari na mabomba ya majitaka, wakati maji yamejaa na nje ya siku za mvua kubwa. Apime kiwango cha chumvi palepale, ayachuje, na ayahifadhi gizani katika chombo kilichofunikwa kabla ya kuyatumia. Kinachopaswa kusisitizwa ni kwamba njia hii humwondolea mfugaji gharama ya chumvi, lakini haimwondolei haja ya maji matupu. Mvukizo haubagui maji yalikotoka. Hata anayeishi hatua 100 kutoka baharini bado anahitaji maji yasiyo na kitu ili kurudisha kilichopaa. Kwa hiyo, kama fedha zinatosha kununua kimoja tu kwanza, mkazi wa pwani anunue mtambo wa kusafishia maji kabla ya ndoo ya chumvi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba maji ya bahari ya nyumbani huanza na kuondoa. Chujio la tope huulinda mkaa, mkaa huulinda utando, utando huilinda resini, na resini hutoa maji ambayo juu yake kila gramu inayoongezwa inajulikana. Chumvi huingia katika maji, si maji katika chumvi. Kinachopotea kwa mvukizo hurudishwa kwa maji matupu. Na maji yanayobaki mtamboni hupewa kazi nyingine nyumbani.

Kwa anayetaka kuanza, utaratibu unaopendekezwa ni huu. Mwezi wa kwanza afunge mtambo na kupima maji yake ya kuanzia, yaliyotoka kwenye utando na yaliyotoka kwenye resini, akiandika tarehe na vipimo katika daftari. Mwezi wa pili achanganye chumvi, alijaze tangi na kuliendesha bila samaki, akijifunza ni lita ngapi hupaa kwa siku na ni maji kiasi gani yanahitajika kwa kubadilisha asilimia 10 kila wiki. Akiona kwamba kazi hiyo inazidi muda au maji aliyonayo, atakuwa amejua mapema, na hakuna kiumbe aliyelipia jibu hilo. Akiona anaiweza, ndipo aende kumchukua samaki wa kwanza.